Baada ya Mbio: Somo Katika Maisha ya Filbert Bayi



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja wa hapa Kaloleni alitungojea mlangoni mwa kanisa akatuomba shauri. Mwanawe yu kidato cha tatu, naye ana mbio. Si mbio za kusifiwa na majirani tu. Amekwisha kushinda katika michezo ya shule, na walimu wake wamsema vizuri. Sasa ametokea bwana mmoja ajiitaye wakala wa wakimbiaji. Ataka kijana aache shule mwezi ujao, aingie kambini, na mwakani apelekwe ng'ambo kukimbia mbio za barabarani zenye zawadi ya fedha. Mama auliza: nimruhusu?

Hatukumjibu papo hapo, maana jambo lenyewe si la kujibiwa kwa haraka, watu wakipita na kusalimiana. Tena tulijua kwamba si mama huyu peke yake mwenye swali hili. Tulimwambia aje tena Jumapili hii, nasi katika siku hizo sita tukalifikiri neno lake. Haya ndiyo tuliyoyafikiri.

Aamkaye mapema katika mji huu ajua tunayoyasema. Kabla jua halijatoka nyuma ya milima, vijana wa kiume na wa kike wamekwisha kuwa barabarani kuelekea Ngaramtoni, na wengine wazunguka katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Mji wa Arusha uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na miguuni pa Mlima Meru mtu aweza kupanda juu zaidi kadiri apendavyo. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na mwili, ukikosa hewa ya kutosha, hujiongezea chembe nyekundu za damu ili uichukue ile iliyopo. Kwa hiyo mkimbiaji aliyezoea huku, akishuka kwenda pwani au Ulaya, hujiona kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ndiyo sababu vijana wa Karatu, Mbulu, Hanang na Singida hukusanyika hapa kwetu.

Tena wana mfano mbele ya macho yao. Mwezi wa Septemba 2025, katika mashindano ya dunia huko Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida ambaye Arusha ndipo mahali pa mazoezi yake, alishinda mbio za maratoni. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, hata ikabidi waamuzi waitazame picha ili kujua kifua cha nani kilitangulia. Zawadi ya mshindi ilikuwa dola 70,000 za Kimarekani. Kijana wa kidato cha tatu akisikia hesabu hiyo, na nyumbani hakuna hata nauli ya wiki, nani atamlaumu akikosa usingizi?

Nasi twafurahi kwa ushindi wa Simbu kama watu wengine wote. Lakini kwa swali la mama huyu twaona yafaa tumtazame mtu wa zamani kidogo, kwa sababu moja tu: maisha ya mkimbiaji aliye bado njiani hayajaweza kupimwa, bali ya yule aliyevua viatu zaidi ya miaka 40 iliyopita yaweza. Mtu huyo ni Filbert Bayi.

Alizaliwa mwezi wa Juni 1953 huko Karatu, karibu na Ngorongoro, siku zile Karatu ikiwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Alijiunga na Jeshi la Wananchi, na huko alifundishwa kazi ya fundi wa ndege. Twamwomba msomaji aliweke neno hili akilini. Kabla dunia haijalijua jina lake, Bayi alikuwa na spana mkononi na kazi ya kuamkia. Husimuliwa kwamba Dar es Salaam alikuwa akikimbia kando ya mabasi, akijipima nayo toka kituo hata kituo; abiria walimcheka bila shaka, kama sisi tungalivyomcheka.

Mwaka 1972 alipelekwa Munich katika Michezo ya Olimpiki, akiwa na miaka 19. Alikimbia mita 1,500, akakimbia tena mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na mbio zote mbili alitolewa katika michujo. Alirudi nyumbani bila kitu. Mwezi wa Januari 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, kijana huyu huyu alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1,500. Naye Keino alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mbio hizo mwaka 1968, mtu ambaye Afrika Mashariki nzima ilimwona kama mfalme wa uwanja.

Kisha ikaja tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Desturi ya mbio hizo ni kujificha. Wakimbiaji hutembea pamoja kama kundi la ng'ombe, kila mmoja akimwogopa mwenziwe, na vita huanza katika mita 300 za mwisho. Bayi hakujificha. Mara baada ya mlio wa bastola alikwenda mbele, peke yake, akafungua pengo kubwa, na watazamaji wakangoja achoke. Hakuchoka. Katika mita za mwisho John Walker, mwenyeji wa New Zealand, alimkaribia kwa nguvu, watu wake wakipiga kelele ya kupasua masikio, lakini hakumfikia. Saa ikaonyesha dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Rekodi ya zamani ilikuwa ya Jim Ryun wa Marekani, iliyodumu tangu 1967. Naye Walker, ingawa alishindwa, aliipita vilevile. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya. Hata leo wajuzi wa riadha huzihesabu mbio hizo miongoni mwa mbio kubwa zilizopata kukimbiwa, na muda ule ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48, hata mwaka 2022 Oliver Hoare wa Australia alipoupita mjini Birmingham.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, aliivunja na rekodi ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Hii haikudumu. Miezi mitatu haikutimia, tarehe 12 Agosti, Walker alikimbia maili mjini Göteborg, Sweden, kwa dakika 3 na sekunde 49.4.

Je, Bayi alipata fedha ngapi kwa kazi hiyo? Hapa vijana wetu hushangaa. Kwa sheria za riadha za siku hizo, mkimbiaji alikuwa mtu wa ridhaa. Kukimbia kwa ujira kulikatazwa, na aliyegunduliwa aliweza kufungiwa. Mshindi alipewa nishani, akapigiwa wimbo wa taifa, akarudi kazini kwake. Ni mwaka 1982 tu ndipo chama cha riadha cha dunia kilipoanza kulegeza kamba na kuruhusu fedha kuwekwa katika akiba maalumu ya mchezaji, na mashindano ya dunia hayakutoa zawadi ya fedha mpaka 1997. Basi katika miaka ya utukufu wake Bayi aliishi kwa mshahara wa askari. Hatusemi kwamba sheria ile ilikuwa ya haki. Mara nyingi iliwanufaisha wakuu wa mashindano, waliouza tiketi, ikawanyima waliotoka jasho. Lakini ilikuwa na tunda moja ambalo hakuna aliyelikusudia: ilimlazimu mchezaji awe na kazi nyingine.

Mwaka 1976 dunia yote iliungoja mkutano wa Bayi na Walker huko Montreal. Haukutokea. Wasomaji wetu wa Kaloleni hawahitaji kwenda mbali kuitafuta sababu. Nyumba ya Makumbusho ya Azimio la Arusha ipo hapa hapa, katika Barabara ya Makongoro, nyumba ile ambayo ndani yake wakuu wa TANU walikutana mwezi wa Januari 1967. Taifa lililojitangazia usawa wa watu wote halikuweza kukaa kimya juu ya Afrika Kusini. Basi mwaka ule, majuma machache baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na Makaburu. Nchi za Afrika zilidai New Zealand iondolewe katika Olimpiki, ikakataliwa, nazo, zaidi ya 20, zikasusia. Tanzania ya Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere ilikuwa mstari wa mbele. Walker alishinda medali ya dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39, mwendo wa polepole kupita ule wa Christchurch kwa sekunde 7.

Twaamini kwamba Tanzania ilitenda haki. Ubaguzi wa rangi ulikuwa dhambi iliyolia mbinguni, na asiyekubali kupoteza kitu kwa ajili ya haki hana haki ya kuisema. Lakini wasomaji watusamehe tukisema na upande wa pili: wazee waliokata shauri hawakuwa wao waliolipa. Aliyelipa alikuwa kijana wa miaka 23, katika mwaka ambao mguu wake ulikuwa mwepesi kuliko utakavyokuwa tena maishani. Mkulima akikosa mvua mwaka huu hungoja mwaka mwingine. Mkimbiaji ana misimu minne au mitano ya kilele, na Olimpiki huja mara moja katika miaka minne.

Alikuja tena Moscow mwaka 1980, naye akiwa na miaka 27. Safari hii alichagua mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mbio zenye viunzi 28 na madimbwi 7, mbio za kuvunja miguu. Akaenda mbele kama desturi yake, akamwacha nyuma Bronisław Malinowski wa Poland kwa pengo lililoonekana haliwezi kuzibwa. Katika mzunguko wa mwisho pengo likaanza kuyeyuka, na karibu na dimbwi la mwisho Malinowski akampita. Bayi alimaliza wa pili kwa dakika 8 na sekunde 12.48, akapata medali ya fedha. Katika Michezo ile ile Suleiman Nyambui wa Mara alipata fedha katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hizo mbili ndizo medali za Olimpiki ambazo Tanzania imezipata tangu ianze kushiriki hadi Michezo ya Paris ya 2024. Malinowski mwenyewe alikufa katika ajali ya gari mwezi wa Septemba 1981, akiwa na miaka 30. Hakupewa miaka ya baadaye.

Bayi alipewa. Na hapa ndipo tunapotaka mama yule atusikilize. Tangu Munich hata Moscow ni miaka 8. Tangu Moscow hata leo ni zaidi ya 40. Mtu aliyeandikwa katika magazeti ya dunia kwa dakika tatu na nusu alikuwa na nusu karne ya kuishi ambayo hakuna saa ya uwanjani iliyoipima.

Alifanya nini nayo? Kwanza, alirudi darasani. Baada ya Moscow alikwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, mahali alipokuwa Nyambui pia, akasoma elimu ya ualimu. Tufikiri kidogo maana yake. Huyu aliwahi kuwa mtu mwenye mbio kuliko wote duniani katika mita 1,500; sasa amekaa dawatini na vijana waliomzidi kwa ujana, aandika insha, asahihishwa makosa. Wengi waliokwisha kushangiliwa hawawezi kushuka namna hiyo. Nyambui naye alisoma huko, akaendelea kukimbia hata akashinda maratoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988, kisha akawa mwalimu wa wakimbiaji na kiongozi wa chama cha riadha nchini.

Bayi aliporudi hakukaa akingoja kukumbukwa. Alianza shule. Shule zijulikanazo kwa jina lake ziko Kimara, Dar es Salaam, na Mkuza, Kibaha, katika Mkoa wa Pwani. Huko Mkuza kuna na kituo cha michezo cha watoto kilicho chini ya mpango wa Olympafrica. Mwaka 2003 aliunda mfuko wake wa kusaidia vijana, unaounganisha michezo na mafundisho juu ya afya, hasa juu ya UKIMWI. Kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki ya Tanzania, kazi ya barua, mikutano na lawama, ambayo haina mtu wa kuipigia makofi. Mzazi ampelekaye mtoto Mkuza leo, huenda hata hajui Christchurch iko wapi. Ajua kwamba pana shule, na kwamba mwenye shule alikuwa mkimbiaji zamani.

Hatumfanyi Bayi kuwa mtakatifu. Hilo si letu, na mtu hai hahukumiwi na gazeti. Twasema tu kwamba kazi yake ya pili imegusa watoto wengi kuliko ya kwanza ilivyogusa watazamaji, na kwamba isingaliwezekana kama yeye na wakubwa wake wangalimwacha awe miguu mitupu.

Yuko na mwingine wa kwetu ambaye maisha yake yalikwenda njia tofauti. John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia maratoni ya Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Njiani alianguka, akaumia vibaya goti na bega. Akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda kwa saa 2 na dakika 20, nishani zimekwisha kugawiwa na giza limeingia, ndipo Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, wa mwisho katika watu 57 waliomaliza, kwa saa 3 na dakika 25. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii, kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aanze tu mashindano, bali ayamalize. Neno hilo limezunguka dunia, na makocha wa mataifa yote hulirudia kwa wachezaji wao.

Jambo moja hutuudhi kidogo. Watu humjua Akhwari kama mtu wa mwisho, wakadhani alikuwa mkimbiaji dhaifu aliyekuwa na moyo. La! Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza maratoni akiwa wa 5 kwa saa 2 na dakika 15, muda ambao ungalimpa heshima popote duniani siku zile. Kisha akarudi Mbulu, akalima shamba na kulea watoto wake. Taifa lilimpa nishani ya ushujaa mwaka 1983, miaka 15 baada ya Mexico. Na mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa waliobeba mwenge wa Olimpiki jijini Dar es Salaam. Ukulima si aibu. Wengi wetu twakula kwa jembe. Lakini twajiuliza: katika miaka ile 15, ni nani aliyemwendea kule mlimani kumwuliza goti lake li hali gani?

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni matatizo ya umaskini, na kwamba penye fedha nyingi mchezaji hutunzwa. Basi tutazame Marekani, kwenye mpira wao ule wa kuvaa kofia ngumu na kukumbana kama mafahali, mchezo wenye utajiri kupita karibu michezo yote. Mwaka ule ule wa 1974, Bayi alipong'aa Christchurch, kijana aitwaye Mike Webster alianza kuichezea timu ya Pittsburgh Steelers. Alizaliwa mwaka mmoja tu kabla ya Bayi. Alicheza misimu 17, akatwaa ubingwa mara 4, na mwaka 1997 jina lake likaingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo. Lakini wakati huo akili yake ilikuwa imekwisha kuvurugika. Alisahau, alikasirika bila sababu, alilala ndani ya gari lake. Alikufa mwezi wa Septemba 2002, akiwa na miaka 50.

Maiti yake ilifika mezani pa daktari kijana wa Kinigeria, Bennet Omalu, Mkatoliki, aliyekuwa akifanya kazi ya kuchunguza sababu za vifo mjini humo. Ubongo kwa nje ulionekana mzima. Omalu hakuridhika; aliukata vipande vyembamba, akavitia rangi na kuvitazama kwa darubini, akaona protini iitwayo tau imejikusanya mahali pasipopaswa. Ni ugonjwa uletwao na kugongwa kichwa mara nyingi kwa miaka mingi, uliojulikana zamani kwa mabondia. Alipoutangaza mwaka 2005, pamoja na wenzake, madaktari waliokuwa upande wa ligi walidai andiko lake liondolewe. Halikuondolewa. Mwaka 2015 mahakama iliridhia mapatano ambayo kwayo ligi ilikubali kuwalipa wachezaji wa zamani waliougua, fidia iliyokadiriwa kufika dola milioni 1,000. Kwa Webster ilikuwa imechelewa miaka 13.

Mkimbiaji hagongwi kichwa, kweli. Lakini aliyempenda Webster akiwa uwanjani na aliyempenda Akhwari akiwa Mexico walikuwa na kosa moja: waliipenda kazi ya mwili wake, wakadhani wamempenda mtu. Mtakatifu Paulo, aliyewaandikia Wakorintho walioishi karibu na uwanja wa michezo mashuhuri, hakuwakataza mbio. Alizitumia kama mfano, akawakumbusha kwamba taji la wakimbiaji hukauka. Naye Papa Pius wa 12, alipowapokea wanamichezo wa Italia mwaka 1945, aliwafundisha kwamba mwili wa mchezaji ni kazi ya mikono ya Mungu na wapaswa kuitumikia roho. Kanisa halijapata kuudharau mguu wenye mbio. Hukataa tu kwamba mtu ni mguu.

Sasa tumjibu mama.

Kijana na akimbie. Kipawa alichopewa hakukiomba, na kumfungia ndani ni kukizika. Lakini kuacha shule mwezi ujao, hapana. Kidato cha nne kiko mwaka mmoja mbele, mbio hazitamkimbia. Bayi alipovunja rekodi alikuwa na miaka 20 na ufundi mkononi. Tena mama yafaa ajue sheria hii: kijana asiyetimiza miaka 20 ndani ya mwaka wa mashindano haruhusiwi kuingia maratoni katika Olimpiki wala katika mashindano ya dunia, maana mifupa na mishipa ya kijana haijakomaa kwa mwendo huo. Basi yule ajaye kumtafuta mtoto wa miaka 16 au 17 kwa mbio ndefu za barabarani, ana haraka ya nani?

Bwana yule na aulizwe maswali mbele ya mashahidi. Mawakala wa kweli huidhinishwa na chama cha riadha cha dunia, nacho chama cha riadha cha hapa nchini huweza kuulizwa kama jina lake lajulikana. Mkataba uandikwe kwa lugha ambayo mama aielewa, wala usitiwe sahihi siku ile ile uletwapo. Pasi ya kusafiria ibaki mikononi mwa mwenyewe. Akaunti ya benki iwe ya kijana, na sehemu ya wakala iandikwe kwa tarakimu, si kwa ahadi. Swali kubwa kuliko yote ni hili: goti likiteguka mwezi wa pili baada ya kufika ng'ambo, nani atalipa hospitali, na nani atalipa tiketi ya kurudi? Mtu mwema hatakasirikia maswali haya. Akikasirika, amekwisha kujibu.

Nasi wa parokia tusijifiche nyuma ya mama. Kama kijana akaa shuleni kwa shauri letu, na nyumbani hakuna ada ya mitihani wala viatu vya kukimbilia, shauri letu ni maneno matupu. Jumuiya ndogo ndogo za Kaloleni zimewahi kuchangia arusi za siku moja kwa fedha zingezotosha kumsomesha mtoto miaka miwili. Twasema hivi tukijihesabu na sisi wenyewe, maana tulikula pilau ile. Walimu wetu wanaocheza michezo na watoto jioni, bila malipo, waweza kumpangia mazoezi ya alfajiri, naye awahi kengele ya shule.

Tulipomaliza kuyaandika haya tulimtumia mama ujumbe, tukamsomea machache. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama twajua bei ya njumu za mkimbiaji, zilizotumika lakini nzima, katika Soko la Kilombero. Hatukujua. Alhamisi tutakwenda naye kuuliza, na kijana atakuja baada ya vipindi, ili apime mguu wake.